Sahihi ya Jumatano

Mkwe wangu, Bwana Harub bin Hamdun, hakuwa mtu wa kukaa. Akila, aliinua goti moja kama anayengoja kuitwa. Akitoka msikitini, yeye ndiye wa kwanza kutia viatu mguuni. Bi Wadha, mkewe, alikuwa akisema kwamba tangu aolewe naye hajapata kumuona akimaliza kikombe cha kahawa kwenye kiti kile kile alichokianzia.

Alizaliwa Chake Chake, akatoka Pemba mwaka wa sitini na nne akiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo ni kama hakutua. Mombasa aliuza vitambaa. Dubai alibeba mizigo bandarini. Alipofika Oman mwaka wa sabini na moja aliingia jeshini, kisha posta, kisha akaendesha gari la kugawa maji, kisha akawa karani katika ofisi moja hapa Ibra. Kila kazi aliiweza, na kila kazi ilimchosha mara tu ilipomkalisha. Kwa hiyo mwaka 2003, alipokuwa na miaka hamsini na mitano na wenzake wanazungumza habari za kustaafu, aliposikia kuna kazi ya kutembea aliikimbilia.

Ulikuwa mradi wa kulaza bomba kubwa la maji kutoka pwani kuja miji ya ndani. Kipande alichopewa yeye kilipita uwandani karibu na Al Kamil wal Wafi, mahali penye migunga na miti ya ghaf, ule mti wa jangwani ambao sisi wa nyumba za Kiswahili tuliutilia M yetu tukauita mghafu. Uwandani mle wamo paa. Mkataba wa mradi ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu juu ya miti na wanyama, na Harub aliajiriwa kwa ajili ya ukurasa huo. Mti utakaobaki autie pete ya rangi nyeupe. Mtaro wa kulazia bomba usiachwe wazi zaidi ya kilomita moja. Na kila mita mia mbili kuta za mtaro zichongwe mteremko wa udongo, ili mnyama akitumbukia apate pa kutokea. Kila Jumatano alijaza fomu, akatia sahihi, na dereva akaipeleka Sur kwa washauri waliokuwa wakisimamia mradi.

Alikaa kambini Jumamosi hadi Jumatano, akarudi Ibra kwa mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Injinia wa kipande kile alikuwa kijana aitwaye Marzouq, Muomani aliyezaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimejaa saiti na shedyuli. Siku ya kwanza waligombana.

"Shikamoo, Mzee," alisema Marzouq.

"Marahaba. Mashine zako zimemwaga udongo juu ya mashina ya mighafu mitatu. Ukiuzika mti mpaka kiunoni, mwakani ni kuni."

"Miti ni mingi, Mzee. Nikisimama kwa kila mti, hatufiki Ibra."

"Sikukwambia usimame kwa kila mti. Simama kwa wenye pete."

Udongo uliondolewa, lakini kwa uso wa kununa. Mwezi wa pili lilizuka jambo kubwa zaidi. Bomba, kama lilivyochorwa, lilipita katikati ya kichaka cha mighafu kumi na mmoja, yote mikubwa, ambayo mabedui wa pale walifungia ngamia wao tangu zamani. Harub hakugombana. Alitembea uwanda ule siku tatu na mzigo wa vijiti vya rangi, akichomeka hapa, akichomoa, akichomeka pale, mpaka akaonyesha kwamba bomba likisogezwa mita saba upande wa mashariki, hakuna mti hata mmoja utakaoguswa na hakuna jabali la kuvunja. Marzouq alivipita vile vijiti kwa miguu mara mbili. Kisha akarudi ofisini kwake, akachora upya, na akabishana na mkubwa wake kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Mita saba zikapatikana.

Baada ya hapo wakawa wanakula pamoja mchana. Walibishania maneno. Harub akisema paa, Marzouq anasema swala, na kila mmoja anamuona mwenzake hajui Kiswahili. Jioni Marzouq akawa anamsimulia juu ya mama yake na ziwa la Tanganyika. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini mkwe wangu, aliyekuwa hamuamini hata mtengeneza saa wake, alimuamini Marzouq.

Mwezi wa Februari mwaka uliofuata mabomba yalichelewa bandarini. Mashine za kuchimba zilikuwa zimekodiwa kwa siku, na wakubwa wa kampuni hawakutaka kuziona zimelala, basi wakaomba Sur ruhusa ya muda, zikaendelea kuchimba. Mtaro ukawa wazi kilomita moja, kisha tatu, kisha tano, kina chake kupita kimo cha mtu, na hakuna bomba la kutia ndani. Harub akaanza kuamka kabla ya wengine na kuupita mtaro mzima baada ya swala ya alfajiri. Aliokota kalunguyeye waliojikunja kama mipira ya miiba. Aliwatoa mijusi wakubwa wanaoitwa dhab, wakamuuma glavu. Siku moja alimkuta mbweha, akamtelemshia ubao, na mbweha akaupanda akatoka bila hata kumtazama. Alimdai Marzouq miteremko, na Marzouq akaahidi. Kilomita ya kwanza ikachongwa vizuri. Harub aliikagua mwenyewe. Iliyobaki ilisubiri mashine ipate nafasi.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Naitwa Hud, kwetu ni Nizwa, na wiki ile tulikuwa tumepanga kwenda Ibra siku ya Alhamisi kumposa Wiam, binti yake. Jumatano saa tano mchana dereva wa Sur alikuwa amewasha gari, anangoja fomu. Na Harub alikuwa ameahidi kufika nyumbani kabla ya alasiri, maana Bi Wadha alitaka nyama kutoka kwa mchinjaji mmoja tu na hakuna mtu mwingine aliyemjua.

Kipengele cha saba cha fomu kilisema miteremko ya kutokea wanyama imechongwa kila mita mia mbili katika urefu wote wa mtaro.

"Hii vipi?" Harub aliuliza.

"Iko, Mzee. Vijana wamemaliza jana jioni."

"Umeiona?"

"Iko. Nenda kaozeshe, watu wanakungoja."

Harub aliutazama mtaro ulivyokwenda mpaka ukapotea machoni; alfajiri ile, kwa haraka ya safari, hakuwa ameupita. Kuupita kilomita tano na kurudi ni zaidi ya saa mbili. Akaiweka fomu juu ya boneti ya gari na akatia sahihi.

Alhamisi ile tulimuona mtu asiyetulia, tukadhani ni hofu ya baba wa binti. Ami yangu alipokuwa akisema maneno ya posa, Harub aliinuka mara mbili kufungua dirisha lililokuwa wazi. Baadaye aliniambia kwamba kile kipengele cha saba kilikuwa kama mchanga ndani ya kiatu. Ijumaa baada ya swala alichukua ufunguo wa gari.

"Wapi?" Bi Wadha alimuuliza.

"Nakwenda saiti mara moja."

"Wageni wa Nizwa wamo ndani, Harub. Weye leo huendi popote."

Akaurudisha ufunguo. Jumamosi aliondoka mara tu baada ya alfajiri.

Kilomita ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili haikuwa na mteremko hata mmoja. Katika ya tatu aliona kunguru wawili wamesimama ukingoni, wanatazama chini, na hapo akaanza kukimbia.

Walikuwa paa watatu. Wawili walikuwa wamekufa, mmoja amelala juu ya mwingine, na kuta za mtaro pande zote mbili zilikuwa zimekwanguliwa kwa kwato mpaka juu ya kimo cha kifua. Wa tatu, jike, alikuwa hai. Alipomuona mtu alijitupa ukutani, akaanguka, akajitupa tena. Kwato zake za mbele zilikuwa zimechanika na mdomo una povu. Harub alirudi nyuma asionekane. Alishusha sepeto begani, akaenda hatua hamsini mbali, akaanza kuchonga mteremko kwa mikono yake. Udongo wa pale ni wa changarawe, umeshikana kama saruji. Aliniambia alichonga huku akihesabu vishindo vya yule paa ukutani, na kila kishindo kilipochelewa alidhani ndio mwisho.

Jua lilikuwa limepanda alipomaliza. Paa hakuweza tena kusimama vizuri. Harub alivua kilemba, akamfunika macho, na hapo mnyama akatulia, ila moyo ulikuwa ukipiga mpaka aliusikia kwenye mikono yake. Akampakata, akampandisha, akamweka chini ya mgunga na kumfunua. Paa alilala kidogo. Akainuka, akaanguka kwa magoti, akainuka tena, akaenda zake akichechemea baina ya miti bila kugeuka.

Marzouq alimkuta pale amekaa ukingoni, kichwa wazi, mikono inavuja damu. Akatazama ndani ya mtaro.

"Niliwaagiza vijana," alisema. "Wakaniambia tayari. Mimi mwenyewe sikwenda kuangalia."

"Nilikuuliza umeiona."

"Ndiyo."

"Ukasema iko."

"Mzee, kulikuwa na presha. Dereva anangoja, wewe una shughuli yako. Nilifikiri hata kama imebaki kidogo, Jumamosi tutamaliza." Akafuta uso. "Sikiliza. Tuwafukie hawa wawili. Leo hii naleta mashine, mpaka jioni mteremko uko kila mahali. Ukiandika, wewe ndiye uliyesaini. Utafukuzwa wewe kwanza, mimi wa pili, na swala hawatafufuka."

Harub alijua kila neno la Marzouq lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtesa. Mashine ilikuja kweli. Alisimama akaitazama ikichonga mteremko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaingia garini, akatoka, akaingia tena. Baada ya adhuhuri alimwambia mwendesha mashine asiwaguse wale paa wawili, akawafunika kwa turubai, akaendesha mpaka Sur.

Aliyempokea katika ofisi ya washauri alikuwa Adham, kijana aliyezaliwa Maskati, ambaye babu yake alikuwa mtu wa Unguja. Alianza kwa Kiarabu, na alipoisikia lafudhi ya Harub akajaribu Kiswahili cha nyumbani kwao.

"Ami, hii fomu ni yako. Hapa yako sahihi. Yasema kila kitu tamam."

"Si tamam. Nilitia sahihi jambo nisiloliona. Paa wawili wamekufa na kilomita nne za mtaro hazikuwa na mteremko. Nataka kuandika."

Adham aliutazama mlango, kisha akapunguza sauti. "Ukiandika, maana yake umesema uongo. Fahimt? Bora uandike kwamba leo umepata hitilafu mpya. Basi. Jumatano ilikuwa sawa, leo si sawa."

"Jumatano haikuwa sawa."

"Ami, mie nakutafutia njia."

"Naiona, mwanangu, na Mungu akujaze kheri. Nipe karatasi."

Aliandika ukurasa mmoja kwa Kiarabu, amesimama, karatasi juu ya kabati la mafaili. Hakumtaja Marzouq. Aliandika kwamba yeye, Harub bin Hamdun, alitia sahihi bila kukagua.

Kazi ilisimamishwa siku tisa. Watu wa mazingira walikuja, wakapiga picha, wakawachukua wale paa. Mtaro wote ukachongwa miteremko, na kampuni ikakatazwa kuchimba hata hatua moja mpaka mabomba yafike. Harub akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe.

Siku zile za kungoja ndizo zilizomuumbua. Aliukata mlimau wa Bi Wadha mpaka ukabaki fimbo. Alibandua vigae vya jikoni vilivyokuwa vizima. Alfajiri, wakati Ibra yote imerudi kulala, alikuwa akizunguka ukuta wa nyumba kwa nje, mpaka jirani akauliza kama kuna kitu kimepotea. Mara mbili alinichukua mimi tukaenda uwandani, si saitini, kumtafuta yule paa jike. Tulifuata kwato mpaka macho yakauma. Mara ya pili tulimkuta bedui mmoja, Khalaf, akichunga ngamia, na Harub akamuuliza kama amemuona paa jike anayechechemea mguu wa mbele.

Khalaf alifikiri. "Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Aliyekimbia na kujipiga namna hiyo, mara nyingi huenda zake, kisha hufa siku ya pili au ya tatu. Nyama yake huwa imeshaungua ndani. Mara nyingine hafi. Sijamuona."

Harub alimshukuru. Tukarudi Ibra. Njiani alikuwa akifungua dirisha la gari na kulifunga, akifungua na kulifunga.

Siku ya ishirini na tatu Marzouq alikuja nyumbani. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Bi Wadha, akakaa ukingoni mwa kochi, hakugusa halua.

"Mzee, nimesoma barua yako. Wamenionyesha jana."

"Sikukutaja."

"Ndiyo maana nimekuja." Akatoa karatasi mfukoni. "Hii ni yangu. Nimeipeleka asubuhi. Nimeandika kwamba uliniuliza, na mimi nikakuambia iko. Nilitaka ujue kutoka kwangu."

Harub aliisoma yote, kisha akaisoma tena. "Watakufanya nini?"

"Wananihamisha. Huko mimi si injinia wa saiti tena, ni msaidizi wa mtu."

"Mama yako anajua?"

"Namwambia Alhamisi."

Bi Wadha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote na sinia mkononi, alisema, "Basi Alhamisi mlete huku tule pamoja. Maneno kama hayo mama hasikilizi vizuri akiwa peke yake." Na alimleta kweli, mama mtu mzima mwenye sauti nzito, akakaa na Bi Wadha jikoni mpaka magharibi. Walilia, kisha wakaanza kucheka, sisi hatukujua wanacheka nini.

Barua mbili zile zilimuokoa Harub nusu. Alirudishwa kazini, lakini si kama mkaguzi. Sahihi yake haikutakiwa tena. Alipewa kazi ya kupita mtaro kila asubuhi na kumpigia simu mkaguzi mpya kumueleza alichokiona. Wengi wetu tulimshauri akatae, maana ni aibu kwa mtu wa umri wake. Yeye alikubali kabla mtu wa kampuni hajamaliza kusema.

Aliupita mtaro ule miezi kumi na minne, hadi bomba la mwisho lilipofukiwa. Paa waliendelea kutumbukia mara chache, na walitoka wenyewe. Aliona kwato zao kwenye miteremko, zimepanda. Mighafu kumi na mmoja ilibaki yote. Mmoja ulikauka baadaye kwa sababu asiyoijua, naye akaukasirikia kana kwamba umemkosea. Yule paa jike hakumuona, au labda alimuona na hakumjua. Kila alipopita mgunga ule alisimama, akatazama ardhi, akaendelea.

Mwaka 2008 nilikuwa nimemchukua yeye na Bi Wadha kwenda kwetu Nizwa kumtazama mjukuu wao wa pili. Karibu na Birkat al Mauz walikuwa wakipanua barabara, na kando ya lami kulikuwa na shimo refu la mfereji wa maji ya mvua. Akaniambia nisimame. Nikadhani anataka kujisaidia. Alishuka, akapanga hatua zake kandokando ya shimo, akihesabu, kanzu ameikunja mkononi. Akatokea msimamizi, kijana mwenye kofia ya njano, na tukawaona wanazungumza, mkwe wangu akionyesha kwa bakora, kijana akitikisa kichwa, kisha akiacha kutikisa.

"Wali umepoa Nizwa," alisema Bi Wadha.

"Niende nikamuite?"

"Muache. Hatakuja kabla hajafika mwisho."

Nilizima injini, nikafungua milango kwa ajili ya upepo. Yeye alikuwa ameshakuwa mdogo kule mbele, na kijana wa kofia ya njano alikuwa akimfuata nyuma, daftari mkononi, anaandika.